Mwacheni Mkristo wa Ikutha Aulize

Kuna uongo unaohubiriwa huku kwetu Ikutha, na nimechoka kuunyamazia. Ati falsafa ni adui wa imani. Ati kijana akianza kuuliza "kwa nini", ameshashika njia ya kuasi. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, wako waumini walionipa pole, na wako walioshukuru kwamba Mungu ameniokoa. Karo ndiyo iliyonitoa darasani, jameni. Mungu msimsingizie.

Wasemao hivyo hukimbilia Wakolosai sura ya 2, pale Paulo anapoonya juu ya falsafa. Sawa. Hebu fungua na Matendo 17. Paulo huyo huyo yuko Athene, anajadiliana na Waepikureo na Wastoiko, na wala hazibi masikio. Kisha fungua Yohana sura ya 1. Lile "Neno" tunalosomewa kila Krismasi, kwa Kigiriki ni Logos, na wanafalsafa walilivunjia vichwa karne nyingi kabla ya Yohana. Anayetaka kuifukuza falsafa kanisani aanze kwa kurarua ukurasa huo.

Wala si mambo ya Wagiriki peke yao. John Mbiti alizaliwa 1931 Mulango, hapa hapa Kitui. Akasoma Makerere, akapata udaktari Cambridge, akawa kasisi, na mwaka wa 1969 akatoa kitabu *African Religions and Philosophy*. Alianzia wapi? Kwa vitenzi vya Kikamba. Alitazama jinsi tunavyotaja wakati, akadai kwamba mawazo yetu ya jadi yana Sasa na Zamani nzito, lakini kesho yake ni fupi, haipiti miaka miwili hivi. Katika kitabu cha 1971 akauliza: watu wa namna hiyo wakihubiriwa mwisho wa dunia, wanasikia nini? Jibu lake ni kwamba wanasikia jambo la karibu sana, la kushikika kwa mkono.

Unaweza kumpinga. Mimi nampinga. Nyanya anayepanda mwembe kwenye udongo huu mkavu akijua watakaokula ni wajukuu, huyo ana kesho ndefu kuliko Mbiti alivyomkadiria. Okot p'Bitek naye aliwashambulia wasomi wa aina ya Mbiti kwa kuwavika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Lakini Mbiti hakuacha imani kwa sababu ya kufikiri. Alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Niambieni, ni nani kati ya wanaotukataza kuuliza amelifanyia Neno kazi kama hiyo?

Sasa tuje kwenye maadili, maana hapo ndipo tunapoumia. Mwaka wa 2018 kaunti ilipiga marufuku biashara ya makaa. Ukame unakuja, mbuzi wanakufa, mama anakata mti achome makaa mtoto asilale njaa. Ametenda dhambi? Mimi nimesikia mahubiri mengi kuhusu urefu wa sketi. Kuhusu gunia hilo la makaa sijasikia hata moja. Thomas Aquinas, mtakatifu wa Kanisa Katoliki aliyefariki 1274, aliliangalia swali linalofanana na hili. Akasema mtu aliyebanwa na shida ya kufa na kupona, akichukua cha mwenzake ili aokoe uhai, huo hauhesabiwi wizi. Hakuishia hapo na kusema amina. Alitoa sababu, akaweka na hoja za wanaompinga. Zaidi ya miaka mia saba na hamsini baadaye, sisi tunaoishi na njaa hiyo tunaambiwa maswali kama hayo ni ya Shetani.

Na kutouliza kuna gharama. Mwaka wa 2023, kule Shakahola, Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofunga chakula wakitarajia kukutana na Yesu. Miili ilipita 400, mingi ya watoto. Sisemi darasa la falsafa lingewaokoa wote. Nasema mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba kumuuliza mchungaji ni kumuuliza Mungu, hana kizuizi siku mchungaji anapopotoka.

Najua mtanijibu: mbona wenye digrii ndio wanaoiba pesa za umma? Kweli, wanaiba. Na pesa hizo zikiletwa harambee kanisani, ni nani huzipokea kwa vigelegele bila kuuliza zimetoka wapi? Falsafa haimfanyi mtu kuwa mwema. Inamnyima tu pa kujificha.

Kwa hivyo nadai jambo moja, na si kubwa. Mapadre huwekwa miaka kadhaa kwenye falsafa kabla hawajaingia teolojia. Kama inamfaa anayehubiri, inamfaa na anayehubiriwa. Baada ya ibada, tupeni saa moja chini ya mti, kwa Kikamba chetu. Mhubiri akae kwenye benchi kama sisi. Nyanya aulize, kijana wa bodaboda aulize, na asiyejua jibu aseme hajui. Imani itakayovunjika kwa saa moja ya maswali ilikuwa imeshavunjika. Mlikuwa mmeifunika kwa kitambaa cha madhabahu tu.