Aliuliza watu, hakuuliza farasi

Siku moja zizi la farasi liliteketea. Confucius aliporudi kutoka kazini aliuliza jambo moja tu: kuna mtu aliyeumia? Habari za farasi hakuziuliza. Na ujue, msomaji, katika Uchina ya miaka 2,500 iliyopita farasi alikuwa mali hasa.

Kisa hicho kilinijia Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho. Huko, ng'ambo tu ya mpaka, ndiko vijana wengi wa Kisii na Nyamira walikozoea kutafuta kibarua cha kuchuma chai. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Baada ya moto tulisikia hesabu ya hasara ya mashine. Hesabu ya waliokosa kazi haikuwa na haraka.

Kuchoma mali ya mtu ni kosa, sibishi. Lakini Mengzi, aliyefuata mafundisho ya Confucius, alishikilia kuwa asiye na riziki ya kutegemea hawezi kuwa na moyo uliotulia, na mtawala anayemwacha afike hapo kisha akamwadhibu, amemtega. Weka mkurugenzi mahali pa mtawala uone.

Sifa hiyo Wachina huiita ren, na sisi tunalo neno lake: utu. Si mfuko wa unga wa Krismasi. Ni kuuliza nani ataumia kabla mashine haijaagizwa. Wakubwa humpenda Confucius kwa kuwa alihimiza mdogo amtii mkubwa. Husahau kwamba mkubwa naye alitwikwa wajibu.

Wazee wa Kisii waliijua risaga. Aliyeita majirani wamlimie aliwalisha, na zamu yao ilipofika naye alishika jembe.

Tusiwalaumu wenye mashamba makubwa peke yao. Viwanda vya Nyansiongo, Kebirigo na Nyamache vina wenye hisa ambao ni wakulima wadogo, na wengi wana watoto mjini wanaosimamia shamba kwa simu. Hao nao ni matajiri wa mtu: yule mchumaji anayelipwa kwa kilo, ambaye bonasi ikija haimhusu.

Juzi katika matatu, jirani yangu alikuwa akizungumza na nyumbani kuhusu mchumaji wake.

"Amelazwa? Tangu Jumanne?"

Akanyamaza kidogo.

"Sasa wiki hii tumepeleka kilo ngapi?"