Barabara ya Samora Isipitwe Hivi Hivi

Kila siku ya kazi maelfu ya watu hupita katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam: makarani, wachuuzi, mafundi, mahamali na wanafunzi. Wengi huipita bila kuuliza ni nani waliojenga barabara hii, na ni nani walioihodhi. Twasema kuwa yafaa kuuliza, kwani taifa lisilojua njia lilikopita halitajua liendako.

Wajerumani, walioufanya mji huu makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, waliiita barabara hii Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na leo ina jina la Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji. Jina hilo halikuletwa na upepo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa katika jiji hili hili tarehe 3 Februari 1969.

Upande mmoja wa barabara umesimama Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 kuwa ukumbusho wa mji kupewa hadhi ya jiji. Katikati imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia katika Vita vya 1914 hadi 1918. Hapa ndipo penye neno letu.

Maandishi ya sanamu hiyo yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi, katika sanamu ya namna hiyo hiyo, mpagazi amesimama pamoja na askari. Je, wapagazi walifanya kazi ndogo? Hata kidogo. Mahali pasipopita gari wala reli, risasi, chakula na dawa vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kumbukumbu yao kubwa katika jiji hili ni jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Wanunuzi wangapi wa sokoni wanalijua jambo hilo?

Wako wasemao kwamba majengo ya zamani ni alama za utumwa wetu, basi na yabomolewe, maghorofa yajengwe. Hatukatai maghorofa, jiji linalokua lahitaji nafasi. Lakini mkoloni alitoa amri tu. Aliyechimba msingi, akabeba jiwe, akachanganya chokaa, ni mfanyakazi Mwafrika, na jioni alirudi Uswahilini kwa sababu kanuni za ujenzi ziliwatenga watu kwa mitaa. Kulibomoa jengo hilo kimyakimya si kumwadhibu mkoloni. Ni kufuta jasho la babu zetu na ushahidi wa dhuluma waliyotendewa.

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964. Sheria bila macho ya wananchi ni karatasi. Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jengo la kale lililobaki katika barabara hii liwekewe kibao cha Kiswahili safi kinachoeleza historia yake. Pili, jengo la namna hiyo lisivunjwe kabla wananchi hawajatangaziwa na kusikilizwa. Tatu, mpagazi naye asimamishiwe sanamu yake, karibu na askari au kule Kariakoo.

Gharama yake si kubwa. Mfanyakazi wa leo anayebeba mzigo wa jiji hili anastahili kuona kwamba aliyebeba jana hakusahauliwa.