Masafa ya Angani Yapimwe Kabla ya Kufyatua

Nawaandikia vijana wa Kakoba hapa Mbarara, na wenzao wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao kwa vizibo, waya na mabati ya makopo wanaweza kujiundia vyombo vya angani na kuvipiganisha juu ya meza, ili niwasihi jambo moja kabla hawajaiga kanuni za kigeni: mchezaji asizuiwe kupima masafa kabla ya kufyatua.

Kanuni ya kukataza, ambayo baadhi ya michezo hii imeishika, humtaka mchezaji akisie kwa jicho, ataje shabaha yake, kisha ndipo futi itolewe. Asili yake ni bahari. Fletcher Pratt, Mmarekani aliyeeneza katika miaka ya 1930 na 1940 mchezo wa manowari ndogo zilizopangwa sakafuni, aliwataka wachezaji wake wakadirie umbali kwa inchi, na alisema kweli kuhusu bahari ya zama zake. Ushahidi tunao katika delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imeishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, ilijificha nyuma ya mikoko hata wapiga mizinga wa Severn na Mersey, manowari za Waingereza, wasiweze kuiona. Walipiga tarehe 6 Julai 1915 wasifue dafu, na waliporejea tarehe 11 waliiangamiza kwa sababu ndege zilizunguka juu zikieleza kwa simu ya upepo kila kombora lilipoangukia, na hata ndege moja ilipopigwa ikaanza kushuka, mpelekaji habari wake aliendelea kutuma masahihisho.

Angani hapana mikoko wala ukungu. Tangu Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 walipoacha vioo juu ya mwezi, wanafalaki hupeleka huko mwali wa leza, ukaenda na kurudi kwa muda wa kama sekunde 2.5, na kwa muda huo wakajua masafa ya kama kilomita 384,000 bila kukosea zaidi ya sentimita chache. Na zamani kabla ya leza, mwaka 1908 na 1909, wapimaji walioifuata longitudo ya 30 magharibi mwa Uganda, si mbali na hapa, walipata masafa kutoka kilele hata kilele kwa hisabati ya pembe, pasipo kuyakanyaga mabonde ya katikati. Vipi basi nahodha wa merikebu ya nyota anyimwe maarifa waliyokuwa nayo hao?

Lililo gumu angani ni wakati. Risasi iendayo kilomita 10 kwa sekunde, ikielekezwa kwa adui aliye umbali wa kilomita 10,000, itamfikia baada ya sekunde 1,000, na katika robo saa hiyo na zaidi adui aweza kugeuka apendavyo. Hapo ndipo kubahatisha kunapostahili kukaa, na mchezo wa X-Wing wa mwaka 2012 uliligusa jambo hili vyema, kwa kuwa kila mchezaji huchagua mwendo wa chombo chake kwa siri kabla ya yeyote kusogea.

Watasema furaha ya kukisia itapotea. Siafiki, maana kukisia nia ya binadamu mwenzako kuna ladha kuliko kukisia inchi, na jicho kali si fadhila ya rubani wa angani. Basi futi ilazwe wazi mezani, kila mtu apime apendapo, na amri za mwendo ziandikwe katika vikaratasi vilivyokunjwa.