Saa ya dhahabu: kabla ya kuchagua rangi, uliza kilichomo

Katika miji yetu, ndoa inapokaribia ao mzee anapoenda kustaafu, familia huchanga pesa, kisha mabishano yanaanza. Saa ya mkono ya dhahabu iwe ya rangi gani? Ya njano, sababu pete ni ya njano? Nyekundu, sababu ndiyo inayoonekana mikononi mwa wanamuziki? Ao nyeupe, sababu shemeji aliyeko Ubelgiji amesema njano ni ya wazee? Mabishano hayo ni matamu, lakini mara nyingi yanaanzia mwisho. Mtu anatoa akiba ya miaka kwa ajili ya rangi, bila kujua rangi hiyo inatokana na nini, na bila kuwa na hakika kama chini yake kuna dhahabu.

Maoni yangu nayatoa mapema. Anayenunua saa moja ya dhahabu kwa maisha yake yote achukue ya njano, yenye muhuri wa 750. Rangi nyingine zina nafasi zake, na nitazieleza. Lakini sisi raia wa nchi inayochimba dhahabu hatuna ruhusa ya kuinunua kama watu wasioijua.

Tuanze na rangi yenyewe. Dhahabu safi, ile ya karati 24, ina rangi moja tu, njano. Tena ni laini mno. Ganda la saa lingetengenezwa kwa dhahabu safi peke yake, lingekwaruzika na kupinda upesi. Ndiyo maana mafundi huichanganya na madini mengine. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 kati ya 24, ni kusema asilimia 75. Muhuri wa 750 unasema jambo hilo hilo: katika gramu 1,000, dhahabu ni 750. Zile 250 zinazobaki ndizo zinazoamua rangi.

Viwanda vya saa vina michanganyiko inayojulikana. Njano inayoitwa 3N ina, katika kila gramu 1,000, dhahabu 750, fedha 125 na shaba 125. Nyekundu inayoitwa 5N ina dhahabu 750, shaba karibu 205 na fedha karibu 45. Katikati yao kuna 4N, ile ya waridi, yenye shaba karibu 160 na fedha karibu 90. Dhahabu nyeupe nayo huondolewa unjano wake kwa kutiwa paladiumu ao nikeli.

Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba ile nyekundu ni ghali sababu «ina dhahabu zaidi» anadanganya. Ganda la saa lenye gramu 40 na muhuri wa 750 lina gramu 30 za dhahabu, liwe la njano, jekundu ao jeupe. Kinachokuja na wekundu ni shaba, madini ambayo Katanga imeyazoea kiasi kwamba kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba. Mkongomani hana sababu ya kushangazwa na wekundu huo kana kwamba ni kitu cha ajabu kutoka Ulaya.

Sasa, rangi hizo zinazeeka namna gani? Hilo ndilo swali la mtu anayetaka saa ifike mikononi mwa mtoto wake.

Njano haina mengi ya kuhangaisha. Rangi yake iko ndani ya madini mpaka katikati. Ikikwaruzika, fundi anaisugua na inarudi ileile. Nyekundu nayo ina rangi yake ndani, lakini shaba nyingi huguswa na jasho na maji yenye klorini, na baada ya miaka wekundu unaweza kubadilika. Viwanda vikubwa vinalijua jambo hilo. Kunako 2005 Rolex ilileta dhahabu yake ya waridi inayoitwa Everose, iliyotiwa platini kidogo ili rangi isififie. Kunako 2012 Omega ilileta yake, Sedna, iliyotiwa paladiumu. Kama rangi hiyo isingekuwa na shida ya kudumu, wasingejipa kazi hiyo.

Nyeupe ina jambo lake. Mara nyingi ule weupe unaong'aa kama kioo ni rangi ya juu tu, utando mwembamba wa madini yanayoitwa rodiumu. Utando huo huisha kwenye kingo, pale shati linaposugua kila siku, na chini yake unatokea weupe uliofifia wenye unjano kidogo. Hapo inabidi kupakwa upya. Kabla ya kuinunua, tafuta kwanza ni nani katika mji wako anayeweza kazi hiyo. Tena, kama imetiwa nikeli, kuna watu ambao ngozi yao inawasha na kutoka vipele. Umoja wa Ulaya uliwekea nikeli mipaka tangu 1994, katika vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu. Muulize muuzaji: ni nikeli ao paladiumu? Asipojua, weka pesa mfukoni.

Hata hivyo, nyeupe ina hoja moja yenye nguvu, na hapa kwetu ni nguvu kweli. Kwa mbali inafanana na chuma. Mtu anayetembea kwa miguu jioni Goma, Bukavu ao katika mitaa fulani ya Kinshasa anajua kwamba kinachong'aa mkononi kinaita macho mabaya. Anayechagua nyeupe kwa sababu hiyo simcheki, ana akili. Lakini ajue analipa bei ya dhahabu ili ionekane kama chuma. Kama hofu ndiyo inayochagua, pengine saa ya chuma inatosha, na zile pesa zinazobaki zifanye kazi nyingine.

Tuje kwenye mavazi, sababu saa hii si ya kwenda nayo shambani. Saa ya mavazi ya heshima ni nyembamba, inaingia chini ya mkono wa shati bila kugombana nao, ina mkanda wa ngozi na uso usio na mambo mengi. Patek Philippe ilitoa Calatrava yake kunako 1932, na mpaka leo saa nyingi za namna hiyo zinafuata njia ileile. Saa kama hiyo haipaswi kupiga kelele. Wanasape wetu wana kanuni iliyo wazi: mavazi yasizidi rangi tatu. Kanuni hiyo inasaidia hapa. Kama pete ya ndoa ni ya njano, na kifungo cha mkanda wa suruali ni cha njano, saa nyekundu inaongeza rangi ambayo haikualikwa. Saa ya njano yenye uso mweupe ao wa maziwa, kwenye ngozi nyeusi ao ya kahawia, inakaa vizuri na suti ya bluu, ya kijivu na nyeusi. Nyekundu inapendeza sana na suti ya kahawia na viatu vya rangi hiyo. Mwenye pete ya waridi anayevaa hivyo mara nyingi aichukue bila wasiwasi. Kuhusu ngozi yetu, sikubali maneno ya wauzaji kwamba kuna rangi tuliyokatazwa. Rangi zote mbili za moto, njano na nyekundu, zinaonekana vizuri juu yake.

Lakini yote hayo ni bure kama saa si ya dhahabu. Hapa ndipo watu wanapopoteza mali. Masoko yamejaa saa za shaba nyeupe ao chuma zilizopakwa dhahabu nyembamba kuliko unywele, na zinauzwa kwa maneno mawili tu: «ni dhahabu». Saa iliyopakwa si aibu, mradi muuzaji aseme ukweli na bei ifuate ukweli huo. Geuza saa usome mgongo wake. Ukikuta neno plaqué, neno micron ao maneno acier inoxydable, umeshajibiwa. Tafuta muhuri wa 750. Kwa saa ya Uswisi, tangu 1995 muhuri wa serikali ni kichwa cha mbwa wa aina ya Saint-Bernard, kidogo sana, unakiona kwa lenzi. Pima uzito: dhahabu ni nzito zaidi ya mara mbili ya shaba, kwa hiyo saa «ya dhahabu» iliyo nyepesi mkononi inajishitaki yenyewe. Usitegemee sumaku peke yake, sababu shaba pia haivutwi na sumaku. Na mihuri nayo hughushiwa, kwa hiyo mpelekee sonara unayemwamini kabla ya kulipa, na udai karatasi ya mauzo iliyoandikwa karati na uzito. Muuzaji anayekataa kuandika, mwache na saa yake.

Kuna swali la mwisho ambalo rangi haiwezi kulijibu kamwe: dhahabu hii ilitoka wapi? Dhahabu ya Kibali, katika Haut-Uélé, inatoka katika mgodi wa kiwanda ulioanza kuzalisha kunako 2013. Lakini ile ya Kamituga, ya Misisi, ya Mongbwalu, mara nyingi inatoka mikononi mwa wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa tochi ya kichwa, na mama zetu wanaoitwa twangaises, wanaotwanga mawe kutwa nzima ili kupata chembe. Wengine wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo inavuka mipaka kwa magendo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo mwaka baada ya mwaka, pamoja na namna makundi yenye silaha yanavyojipatia sehemu yao. Ikifika kwenye tanuru, inayeyushwa pamoja na nyingine, na hakuna jicho linaloweza kuitenga. Iwe njano, nyekundu ao nyeupe, haisemi jina la kijiji.

Marekani iliweka sheria kunako 2010 inayolazimisha makampuni kadhaa kuchunguza madini yao, dhahabu ikiwemo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia ya kwake kwa waagizaji tarehe 1 Januari 2021. Sheria hizo zina mapungufu, lakini zimempa mnunuzi haki ya kuuliza. Mzungu akiuliza katika duka la Brussels, anaonekana mtu wa dhamiri. Mkongomani akinyamaza, ni nani atakayeuliza kwa niaba ya mama wa Kamituga?

Najua wapo watakaosema: katika nchi yenye vita na watu waliokimbia makwao, kuzungumza juu ya saa ya dhahabu ni anasa. Nakubali nusu. Hakuna anayepaswa kukopa ili ang'ae siku moja, na saa ya chuma inaonyesha saa ileile. Lakini watu wananunua, kila mwezi, hapa na ughaibuni, na kuwanyamazia hakuwasaidii. Tena vita hivyo vinalishwa kwa sehemu na dhahabu hiyo hiyo. Kuijua ni wajibu kabla haijawa pambo.

Basi familia iliyokaa kuchanga ifuate mpangilio huu: kwanza muhuri na uzito, kisha asili, kisha ngozi ya atakayeivaa na pete aliyo nayo, na rangi mwishoni. Wakifika kwenye rangi wakiwa bado hawajakubaliana, wachukue ya njano. Haitapakwa upya, haitafifia, na siku mjukuu atakapoipeleka kwa sonara, hakuna atakayehitaji kumweleza ni kitu gani.