Saladi kwenye joto la Dar? Inawezekana!

Desemba iliyopita joto la Dar liliniumbua. Nilisia mbegu za saladi mara mbili, hazikuota ng'o! Nikaenda kumwakia muuza mbegu mbele za watu, kumbe namwonea bure. Udongo ukizidi nyuzi 30, mbegu ya saladi hulala tu.

Safari ya tatu nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaziweka kwenye friji siku tatu. Nikazisia jioni, juu nikatengeneza kivuli cha makuti, maji asubuhi na jioni. Zikaota!

Sasa nachuma majani ya nje yangali machanga. Ukizubaa, joto litafanya itoe maua, majani yawe machungu kama shubiri.

Fungu la kwanza nimempelekea yule muuza mbegu. Kapokea, kacheka. Yamekwisha.