Saheli: kidonge kisicho na homoni na maneno yanayosemwa juu yake

Tangu 1991 wanawake wa India wamekuwa na kidonge cha uzazi wa mpango kisicho na homoni. Dawa yenyewe ni ormeloksifini. Madukani inauzwa kwa jina la Saheli, na kwenye vituo vya serikali hutolewa kwa jina la Chhaya. Ilibuniwa mjini Lucknow, katika Taasisi Kuu ya Utafiti wa Dawa, na timu ya mkemia Nitya Anand. Wapo wanaoisifu kupita kiasi na wapo wanaoiogopa bila sababu.

Wanaoisifu husema: haina homoni, basi haigusi homoni. Nusu tu ya hayo ni kweli. Vidonge vya majira tulivyovizoea huingiza homoni za kutengenezwa, na kwa kawaida yai halipevuki. Ormeloksifini haiingizi homoni yoyote. Inachofanya ni kukalia vipokezi vya estrojeni kwenye mji wa mimba, mithili ya ufunguo butu uliokwama kwenye kufuli, hata estrojeni ya mwili ikifika inakosa pa kuingia. Ukuta wa mji wa mimba unachelewa kuwa tayari, na yai lililorutubishwa likifika halipati pa kujishikiza. Ajabu ni kwamba kwenye mifupa dawa hiyohiyo hufanya kazi kama estrojeni. Kwa hiyo “haina homoni” inaeleza kilichomo ndani ya kidonge, wala si hakikisho kwamba kila mtu anaweza kukimeza. Aliyeugua manjano karibuni, au mwenye vifuko vingi kwenye ovari, hapewi.

“Ni dawa ya kutoa mimba.” Hapa ndipo watu wanapogombana. Yai linapevuka kama kawaida na laweza kukutana na mbegu. Kinachozuiwa ni kujipandikiza. Kitabibu mimba huhesabiwa tangu hapo, kwa hiyo hakuna mimba inayotolewa. Anayeamini kwamba uhai huanza yai linaporutubishwa ana haki ya kuikataa, na nesi anayemficha jinsi inavyofanya kazi anamkosea. Lakini kumtisha mwenzake kwamba anatoa mimba kila wiki ni uzushi.

Kuna wanaocheka: kidonge kimoja kwa wiki kitazuia nini? Wangejua kwamba baada ya siku saba hivi karibu nusu ya dawa bado imo mwilini, wasingecheka. Miezi mitatu ya kwanza kidonge cha miligramu 30 humezwa mara mbili kwa wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Aliyeanza Jumapili atameza cha pili Jumatano, na siku hizo ndizo zake. Kuanzia mwezi wa nne inabaki Jumapili peke yake. Kwa maoni yangu udhaifu wake uko hapohapo, kwani jambo la mara moja kwa wiki ni jepesi kulisahau, na aliyepitisha zaidi ya siku saba inambidi aanze upya kama mgeni. Ikitumiwa sawasawa, kati ya wanawake 100 hushika mimba mmoja au wawili kwa mwaka.

Halafu lile la “inaziba damu na kuharibu kizazi”. Ni kweli baadhi ya watumiaji huchelewa kuona siku zao, hasa miezi ya mwanzo, na damu hupungua. Hakuna damu iliyojikusanya popote. Ukuta haukunenepa sana, basi cha kutoka ni kidogo. Hedhi ikichelewa kwa zaidi ya siku 15, apime mimba. Akiacha dawa, uwezo wa kuzaa hurudi. Hata anayenyonyesha anaruhusiwa kuitumia.

Eti ingekuwa nzuri Wazungu wangeitumia? Hoja ya kivivu hiyo: kila nchi husajili dawa zake, na dawa isiyoombewa usajili haisajiliwi.

Na anayedai inakinga magonjwa ya zinaa amechanganya mambo. Haizuii VVU wala kaswende. Kwa hayo kondomu inahitajika vilevile.