Dogo, Programu Haifufui Picha Iliyofia Ulingoni

Wadau wa ngumi za usiku Dar es Salaam wengi wanaijua hii. Kuna dogo mmoja wa Temeke, jina kapuni, alivunja kibubu akanunua kamera ya mtumba Kariakoo. Ilikuja na ile lenzi ya kawaida, 18-55. Mchana dogo yuko fresh kabisa: kipaimara, mahafali, harusi za uswahilini, watu wanamsifia. Sasa rafiki yake wa damu, bondia, akapata pambano lake la kwanza la kulipwa. Usiku. Akamwambia, "Mwanangu, njoo unipige picha. Hela sina ila nitakutaja kila sehemu." Dogo akaenda.

Raundi ya pili mshikaji akamlaza mtu. Ukumbi ukalipuka. Dogo alikuwa hapo hapo kwenye kamba, akabonyeza mpaka kidole kikauma. Picha zaidi ya 400. Kufika geto, anafungua: ngumi imekuwa kama mkia wa moshi, sura ya rafiki yake imeyeyuka, refa ana mikono minne.

Asubuhi simu ikaita. "Oya, vipi zile picha? Kuna promota anataka kuziona leo leo."

"Tulia bro, naziediti. Jioni unazo."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Dogo aliamini kuna programu fulani wakubwa wanaitumia, ukiipata tu picha inapona. Akaitaka Lightroom, akakuta ni ya kulipia kila mwezi, kwa kadi, kwa dola. Akatumiwa link ya kreki kwenye grupu la WhatsApp. Maelekezo yanasema zima kwanza antivirusi. Akazima. Kesho yake mafaili yote kwenye kompyuta yamefungwa, kuna ujumbe wa Kiingereza unadai hela ndio yafunguliwe. Humo ndani kulikuwa na harusi 2 ambazo wenyewe walikuwa hawajakabidhiwa. Memori kadi alishazifuta, maana alikuwa na kazi nyingine Jumamosi.

Mtaani maneno yakawa mengi. Wengine wanasema kamera yake mbovu. Wengine wanasema angetafuta kreki nzuri, kuna jamaa anazo za uhakika. Wote wamekosea, na hilo kosa linawatafuna vijana wengi sana wanaoingia kwenye picha za michezo. Programu inafanyia kazi mwanga ulioingia kwenye kamera. Kama mwanga uliingia umevurugika, hakuna wa kuunyoosha. Picha za dogo zilifia ulingoni, kompyuta ilipelekewa maiti tu.

Kilichotokea hakina uchawi. Dogo aliacha kamera kwenye Auto. Auto ikiona giza inachelewesha shata ili mwanga uingie wa kutosha, labda 1/60 ya sekunde. Bi harusi anayekata keki atakusubiri hiyo 1/60. Ngumi haikusubiri. Kugandisha mtu anayerusha mkono unataka 1/500 kwenda juu, na ukiweza 1/1000 ndio raha zaidi.

Sasa ukikimbiza shata, mwanga unapungua, lazima uutafute kwingine. Sehemu ya kwanza ni lenzi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa sokoni, inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Mara 10! Ni kweli haivuti, na kwenye mpira pale Chamazi au kwa Mkapa itakuacha mbali. Ila kwenye kamba za ulingo, hatua mbili kutoka kwa bondia, inatosha kabisa.

Sehemu ya pili ni ISO. Panda mpaka 3200, hata 6400. Hapo vijana ndio wanaogopa, wanasema picha itajaa chenga. Itajaa kweli. Lakini chenga zinapunguzwa kwenye kuediti. Ukungu wa mkono uliokimbia hautoki. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazojaribu kuunoa, ila mara nyingi zinakuchorea sura ya mtu ambaye hakuwepo ukumbini. Picha ya michezo ikishachorwa sura, thamani yake imeisha.

Na flashi? Kumpiga bondia mwanga wa macho katikati ya raundi ni kutafuta ugomvi na refa. Kwenye mpira ndio kabisa, ile flashi ndogo ya juu ya kamera inaishia mita chache tu.

Kuna kingine kinawachanganya wengi. Unapiga picha 3 mfululizo, moja ya njano, moja ya kijani, moja nyeusi, unadhani kamera imekufa. Haijakufa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za kumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya haraka inaona. Dawa ni kupiga mfululizo halafu uchague, na kamera nyingine zina sehemu kwenye menyu ya kuzuia hiyo kitu. Halafu piga RAW. JPEG ya kawaida inakupa ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inakupa 16,384. Hizo ngazi ndizo zinazokuokoa unapotaka kurudisha ngozi ya mtu iliyogeuka kijani.

Usiku ule ule, upande wa pili wa ulingo, alikuwepo dada mmoja. Kamera yake ya zamani kuliko ya dogo, lenzi yake hiyo hiyo 50 ya f/1.8. Tofauti ni kwamba miezi 2 kabla yake alikuwa anaenda jioni kwenye gym ya ngumi ya mtaani, bila malipo, anapiga vijana wakiruka kamba chini ya taa moja ya ukutani. Anapiga, anaangalia, anafuta, anabadilisha namba, anapiga tena. Kocha akawa anamtania, "Binti, wewe unafanya mazoezi kuliko mabondia wangu." Siku ya pambano namba zake zilikuwa kichwani. Picha ya KO anayo yeye: glovu imegusa kidevu, jasho limeganda hewani. Ina chenga, ndio. Hakuna mtu aliyezitaja chenga.

Aliediti kwa darktable, programu ya bure isiyo na kreki wala antivirusi ya kuzima. Tusidanganyane, sio rahisi. Ukiifungua mara ya kwanza vitufe vimejaa kama chumba cha rubani, na kompyuta yake ya kizamani inahema ikipunguza chenga. Lakini ikimaliza, kazi inaonekana.

Na sio hiyo tu. RawTherapee ipo, bure. Mwenye Canon ana Digital Photo Professional, mwenye Nikon ana NX Studio, zote zinatolewa bure na watengenezaji wenyewe, na kwa anayeanza ni nyepesi kueleweka. GIMP ipo kwa kurekebisha vidogo vidogo, ila RAW haifungui yenyewe, inabidi upitie darktable au RawTherapee kwanza. Asiye na kompyuta ana Snapseed kwenye simu. Lightroom ni nzuri, hakuna ubishi, na tangu 2023 ina kifaa cha akili mnemba kinachofuta chenga vizuri sana. Ila kinataka kompyuta yenye nguvu. Hiyo mtu aichukue akishapata kazi za kuilipia. Kuikimbilia kabla hujajua shata ni kununua kiberiti huna kuni.

Wapo watakaosema, mbona wakubwa wengi tu walijifunzia kwenye kreki, na kijana asiye na kadi ya benki afanyeje? Hoja ina ukweli wake. Wakati ule njia zilikuwa chache. Leo za bure zimejaa, tena nzuri. Na kuna kitu kimoja watu hawakitaji: mpiga picha akikreki hachezi na kompyuta yake peke yake. Humo ndani kuna ndoa za watu. Kuna bibi aliyepigwa picha akimbariki mjukuu wake na pengine hatapigwa nyingine. Hivyo navyo viliwekwa rehani na ile link ya bure.

Bondia hakugombana na dogo. Aliposti picha ya yule dada, akamtaja yeye, basi. Mashabiki wengi hata hawakugundua. Dogo aligundua. Maharusi wa kwanza walielewa, wakachukua za kwenye simu za ndugu. Wa pili mpaka leo mama wa bi harusi anapiga simu kila wiki, na dogo anapokea, anasema shikamoo mama, halafu hana la kuendelea nalo.

Habari za chini ya kapeti zinasema siku hizi anaonekana pale pale kwenye gym, chini ya ile taa moja, kaitoa kamera kwenye Auto. Lenzi ya 50 kaazima. Kwa yule dada.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye yule mama, ungemsamehe? Dondosha lako hapo chini.